Pothosi sebuleni: maji yafuate mwanga

Pothosi ni mmea wa kutambaa unaopambia nyumba, na nyingi zinazokufa katika nyumba za Kampala, Jinja na Mbale hazifi kwa kiu. Majani yanageuka manjano, mwenye nyumba anaongeza kikombe kingine cha maji, na kumbe mizizi ilishaanza kuoza. Ukilishika shina karibu na udongo na kulikuta laini, tena linanuka, umechelewa: kata sehemu ya juu iliyo nzima uipande upya.

Tatizo huanzia dirishani. Mmea huu wa msituni, wenye asili ya kisiwa cha Mo'orea katika Pasifiki, huparamia miti na huvumilia kivuli. Kuvumilia si kupenda. Nyumba zetu nyingi zina baraza pana, mabati yaliyotokeza na pazia zito, hivyo kona ya nyuma ya televisheni ni giza hata saa sita mchana. Penye mwanga hafifu mmea hunywa kidogo, na udongo hubaki umelowa siku nyingi. Majani mapya nayo huja madogo, yaliyoachana, na michirizi yake ya manjano hufifia. Kama mchana huwezi kusoma gazeti hapo bila taa, sogeza chungu.

Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya Ulaya, ndiyo maana unasifu dirisha la kusini na kuzungumzia mapumziko ya majira ya baridi. Hapa ikweta, mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima. Mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini. Mimi huchagua dirisha la mashariki. Jua la alasiri la magharibi huunguza majani, kwa hiyo huko weka mmea nyuma ya pazia jepesi.

Kinachobadilika kwetu ni mvua. Kusini mwa Uganda, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, mawingu hupunguza mwanga na hewa huwa na unyevu: punguza maji hata kama kumwagilia kila Jumamosi ni mazoea yako. Chomeka kidole kwenye udongo kiasi cha sentimita 4. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Huko Arua na Gulu, kiangazi cha Desemba hadi Februari hukausha chungu upesi na kujaza majani vumbi. Yafute kwa kitambaa kibichi. Kabale, usiku ukiwa baridi, mmea hukua polepole na huhitaji maji machache zaidi.

Chungu lazima kiwe na matundu, hata kama ni jerikeni iliyokatwa. Changanya udongo mweusi sehemu mbili, mchanga wa chembe kubwa sehemu moja, na sehemu moja ya maganda ya kahawa yaliyooza kabisa. Maganda mabichi hupata moto yakioza na kuunyang'anya mmea naitrojeni. Udongo mwekundu mtupu hugandamana, usiutumie.

Kuzidisha ni rahisi. Kata shina chini kidogo ya kifundo (pale jani linapoota kwenye shina) chenye kijizizi, weka kipande hicho kwenye glasi ya maji, na mizizi hutoka baada ya wiki mbili hadi nne. Jani lisilo na kifundo halizai mmea. Badilisha maji hayo mara mbili kwa wiki, maana mbu hawachagui chombo. Ukiona vidudu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, vifute kwa maji ya sabuni, rudia baada ya wiki.

Ining'inize mbali na mtoto anayetambaa, paka na mbuzi: utomvu wake una fuwele zinazochoma mdomo na koo. Mabaki ya kupogoa usiyatupe bondeni wala kwenye kinamasi. Kipande chenye kifundo huota, na Sri Lanka mmea huu umekuwa gugu vamizi. Yaanike juani mpaka yakauke kabisa, ndipo uyapeleke kwenye lundo la mboji.