Kufuata Marejeo Pale Tiba Inapokutana na Jiolojia: Mfano wa Udongo wa Rungwe

Tuchukue swali ambalo mganga wa zahanati yoyote ya Rungwe, wilaya ya mkoa wa Mbeya, anaweza kuulizwa. Mkulima aliyelima migomba na viazi peku tangu utotoni amevimba miguu yote miwili, uvimbe ukianzia vidoleni na kupanda taratibu kuelekea magotini. Kipimo cha damu hakionyeshi vidudu vya filaria vinavyoenezwa na mbu, na mgonjwa mwenyewe anauliza kama udongo anaoukanyaga kila siku ndio uliomdhuru. Mwanafunzi wa tiba wa Mbeya anayetaka kuandika tasnifu juu ya swali hilo atajikuta mara moja amesimama kati ya fani tatu: tiba inayomchunguza mgonjwa, jiolojia inayouchunguza udongo, na taaluma ya marejeo, yaani elimu ya kuchunguza nani alimrejelea nani, lini, na kwa haki gani. Mwongozo huu unahusu hasa hiyo ya tatu, kwa kuwa ndiyo inayopuuzwa, na bila yake hizo mbili za kwanza haziwezi kuzungumza.

Msingi wa swali lenyewe ni imara. Yako matende yasiyotokana na minyoo, na kitaalamu yanaitwa podokoniosisi, jina lililoundwa kutokana na maneno ya Kigiriki ya mguu na vumbi. Aliyeyaeleza kwa kina ni Ernest Price, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Ethiopia, ambaye katika miaka ya 1970 alionyesha kwamba wagonjwa wanapatikana kwenye udongo mwekundu wa asili ya volkeno, mahali pa juu penye mvua nyingi, akakuta pia chembe za madini ndani ya tezi zao za limfu, yaani zile zinazochuja majimaji ya mwili. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa huo miongoni mwa magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, na mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanyika Ethiopia ulioonyesha kwamba baadhi ya watu wana urithi wa vinasaba unaowaweka katika hatari zaidi. Mwinuko unaotajwa mara nyingi ni zaidi ya mita 1,000, na mvua ni zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Tukuyu, mji wa Rungwe, hupata zaidi ya milimita 2,000, na mlima Kyejo ulio karibu nayo ulilipuka mara ya mwisho yapata mwaka 1800. Masharti ya mazingira yapo. Kinachobaki kuchunguzwa ni watu.

Hatua ya kwanza ni kulivunja swali kabla ya kufungua kompyuta. Chukua daftari na uandike kila dai kwenye ukurasa wake: kwamba udongo wa mahali hapa umetokana na majivu na lava za aina fulani, kwamba udongo huo una madini fulani, kwamba madini hayo yanaweza kupenya ngozi ya mguu na kuziba njia za limfu, kwamba mgonjwa huyu hana filaria. Dai la kwanza na la pili ni ya wanajiolojia na wataalamu wa udongo, la tatu ni la wanapatholojia, wanaochunguza jinsi ugonjwa unavyoharibu mwili, na la nne ni la maabara. Makosa mengi niliyoyaona katika rasimu za wanafunzi hutokana na kuyafunga madai manne katika sentensi moja, kisha kubandika rejeo moja mwishoni, hali rejeo hilo linathibitisha dai moja tu.

Hatua ya pili ni majina, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Hifadhidata haijui kwamba mahali pamoja pamewahi kuitwa kwa majina matatu. Tukuyu katika maandishi ya enzi ya Wajerumani ni Neu-Langenburg. Nchi yenyewe ni Deutsch-Ostafrika, kisha Tanganyika, kisha Tanzania. Ziwa letu ni Nyasa kwa baadhi ya waandishi na Malawi kwa wengine, na mtafiti anayetafuta jina moja tu hupoteza makala za upande wa pili wa maji. Kyejo huandikwa pia Kiejo na Kieyo. Zaidi ya hayo, mkoa wa Mbeya uligawanywa mwaka 2016 ukazaliwa mkoa wa Songwe, kwa hiyo makala ya mwaka 2010 inayosema imechunguza wagonjwa wa Mbeya huenda inazungumzia Mbozi au Ileje. Usihesabu wagonjwa hao kuwa wa Rungwe mpaka umesoma sehemu inayoeleza mbinu za utafiti na kuona jina la wilaya, na ikiwezekana la kata.

Ugonjwa nao una majina yake. Kabla neno podokoniosisi halijaenea, madaktari waliandika juu ya matende yasiyo ya filaria, na kulikuwa na jina la mitaani la Kiingereza lililoifananisha ngozi ya mguu wa mgonjwa na jiwe lililoota ukoga. Katika PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, orodha rasmi ya istilahi hutenganisha matende kwa ujumla na matende ya filaria. Anayechagua istilahi ya pili peke yake amejifungia nje ya chumba anachokitafuta. Upande wa jiolojia tumia GeoRef, ambayo hukusanya maandishi ya miamba na ramani ambayo PubMed haina sababu ya kuyahifadhi. Andika kila jina ulilotumia, hifadhidata uliyoitumia, tarehe, na idadi ya matokeo uliyopata. Msimamizi wako ana haki ya kuurudia utafutaji wako na kupata kile ulichopata.

Hatua ya tatu ni kuchagua makala ya nanga, yaani ile utakayoanzia, na kutembea pande mbili. Kwenda nyuma ni kusoma orodha ya marejeo ya makala hiyo na kutafuta yale iliyoyategemea. Kwenda mbele ni kutafuta waliokuja baadaye wakairejelea. Kutembea mbele kuliwezekana kwa sababu ya Eugene Garfield, ambaye mwaka 1955 alipendekeza faharasa ya marejeo ya sayansi, akijifunza kutoka kwa mawakili wa Marekani, ambao tayari walikuwa na vitabu vya kuonyesha hukumu ipi imetajwa na hukumu zipi za baadaye. Faharasa yake ilianza kutolewa mwaka 1964. Leo Google Scholar hufanya kazi inayofanana na hiyo bila malipo, ingawa huchanganya tasnifu, ripoti na nakala zinazojirudia, hivyo idadi yake isichukuliwe kama ilivyo.

Kwa udongo wa Rungwe, nanga nzuri ni kazi ya D. A. Harkin kuhusu volkeno za Rungwe, iliyotolewa na Idara ya Jiolojia ya Tanganyika mwaka 1960. Ni kazi ya zamani, lakini bado wanajiolojia wanaitaja, na inafundisha jambo muhimu: machapisho ya idara za serikali za wakati ule mara nyingi hayakuingizwa kwenye hifadhidata kama makala kamili, yanaonekana tu ndani ya orodha za marejeo za wengine, tena kwa tahajia mbalimbali. Tafuta kwa jina la ukoo na mwaka, kisha kwa maneno ya kichwa cha habari, kisha kwa jina la mlima. Ukipata watu waliomrejelea, wagawe mafungu: waliotumia ramani yake, waliotumia maelezo yake ya miamba, na waliomtaja kwa heshima tu katika utangulizi. Fungu la tatu halikusaidii kitu katika swali la madini.

Kutoka kwenye mwamba hadi kwenye udongo kuna hatua nyingine, na msomaji wa tiba huiruka bila kujua. Ramani ya miamba haisemi mkulima anakanyaga nini. Basalti, yaani mwamba mweusi wa lava, iliyonyeshewa kwa maelfu ya miaka hubadilika kuwa mfinyanzi wa aina nyingine kabisa, na ni mfinyanzi huo unaogusa ngozi. Utafiti wa Ethiopia uliohusisha podokoniosisi na madini ya udongo ulitaja smektaiti, mika na kwatsi. Kwa hiyo rejeo la kijiolojia unalolihitaji ni lile linaloeleza udongo wa juu. Linaloishia kwenye lava bado halijafika mguuni.

Sasa hatua ya nne, ambayo kwangu ndiyo kiini. Kila sentensi unayotaka kuirejelea, fungua chanzo chake na uweke sentensi mbili kando kwa kando: ile ya mwandishi anayerejelea na ile ya mwandishi anayerejelewa. Zisome kwa sauti. Je, zinasema jambo moja?

Tiba inalo funzo chungu juu ya hili. Mwaka 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi ya Jane Porter na Hershel Jick, yenye sentensi tano tu, iliyosema kwamba miongoni mwa wagonjwa 11,882 waliopewa dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, uraibu ulionekana kwa wanne. Wagonjwa hao walikuwa wamelazwa hospitalini. Watafiti wa Kanada walipoifuatilia barua hiyo mwaka 2017 walikuta imerejelewa mara 608. Zaidi ya asilimia 70 ya marejeo hayo yaliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra, na asilimia 80 hivi hayakutaja kwamba wagonjwa walikuwa wamelazwa. Neno moja lililoachwa lilihamisha matokeo kutoka wodini hadi majumbani, na watu wakafa.

Jiolojia nayo inalo lake. Mwaka 1989 John Talent wa Australia alieleza katika jarida la Nature kwamba visukuku vingi ambavyo Viswa Jit Gupta wa India aliviripoti kutoka Himalaya vilifanana mno na vya mahali pengine, vikiwemo vya jimbo la New York na vya Moroko. Kwa zaidi ya miaka 20 waandishi wenzake walikuwa wameshiriki makala naye, na wengine walimrejelea bila kwenda kuuona mwamba wenyewe. Daktari anaweza kumwita mgonjwa arudi. Mwanajiolojia hulazimika kurudi mlimani, na kama mahali pa sampuli hapakuandikwa kwa usahihi, hakuna mlima wa kurudi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba katika rejeo la udongo utafute vipimo vya mahali, kina cha sampuli na namba yake. Rejeo lisilo na hayo liandikwe kwenye daftari kwa wino wa rangi nyingine.

Kabla ya kuendelea, hakikisha makala haijabatilishwa. Hifadhidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizobatilishwa, inapatikana bure tangu mwaka 2023 kupitia Crossref, shirika linalosajili makala za kisayansi, na programu ya kuhifadhi marejeo iitwayo Zotero hukuonya yenyewe pale makala uliyoihifadhi inapobatilishwa. Kazi hii ni ya dakika chache.

Kuhusu kuhesabu marejeo, nina tahadhari. Kipimo cha umashuhuri wa jarida huhesabu marejeo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia. Tiba hutembea kwa kasi hiyo, lakini jiolojia haitembei hivyo, kwani ramani ya mwaka 1960 inaweza kuwa bado ndiyo bora kuliko zote. Ukilinganisha kazi ya daktari na ya mwanajiolojia kwa idadi ya marejeo, utamwonea wa pili. Linganisha ndani ya fani moja na ndani ya kipindi kimoja, au usilinganishe kabisa.

Makala zilizofungwa, zinazosomwa kwa malipo tu, zisikukatishe tamaa. Uliza mkutubi wa chuo chako kama kimejiandikisha Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia, ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya na ambao sasa unagusa fani nyingine pia. Ramani za kale zitafute katika Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma. Ukitaka kuwagusa wagonjwa, kibali cha maadili hupatikana kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambayo ina kituo Mbeya. Anza mapema, wala usikusanye hata sampuli moja kabla ya kibali.

Unapoandika, tenganisha waziwazi ulichokisoma na ulichosimuliwa. Kama kazi ya Harkin hukuiona, andika kwamba umeipata kupitia mwandishi fulani, na umtaje huyo. Wanajiolojia hutaja jina na mwaka ndani ya sentensi, majarida mengi ya tiba hutumia namba. Chagua mtindo wa jarida unalolilenga, lakini katika rasimu tumia majina, kwa sababu namba huficha kwamba umemtegemea mtu yuleyule mara saba.

Na mkulima aliyeuliza asingojeshwe tasnifu. Jaribio lililofanyika Ethiopia na kuchapishwa mwaka 2018 lilionyesha kwamba kuosha miguu, kuipaka mafuta, kuifunga bandeji na kuvaa viatu kunapunguza vipindi vya maumivu makali na homa kwa wagonjwa hawa. Rejeo hilo nimelifungua na kulisoma, na ushauri wake unaweza kuanza kutolewa zahanatini leo hii.