Nyumba za dola elfu moja Detroit: jinsi ya kuomba bila kuliwa pesa

Zile picha za nyumba za bei ya kutupa Detroit, Marekani, mnazotumiana kwenye magrupu ya WhatsApp ni za kweli. Detroit Land Bank Authority, taasisi ya umma inayoshika nyumba zilizotelekezwa mjini, huanzisha mnada kwa dola 1,000. Nyingi zilikuwa za watu walioshindwa kulipa kodi ya jengo. Kwa sheria ya 1999 ya Michigan, jimbo lenye Detroit, deni likifika miaka mitatu nyumba inachukuliwa. Kwa hiyo kabla hujafungua akaunti kwenye tovuti yao, hakikisha wewe mwenyewe hudaiwi kodi ya jengo kaunti ya Wayne, ilipo Detroit, wala faini za uchafu na uchakavu wa majengo. Ukidaiwa, ombi lako haliendi popote.

Akaunti na kitambulisho mtaweza wenyewe, tusipotezeane muda.

Ramani ya mtandaoni ya nyumba hizo ni nzuri, lakini usiilalie. Majira ya baridi ya 2013 kuingia 2014 watu walizunguka mji mzima na tableti wakipiga picha viwanja karibu 380,000, ndipo serikali ikajua ipi ya kubomoa na ipi ya kuuza. Ila picha ya barabarani haikuonyeshi paipu za shaba zilizong'olewa wala maji yaliyojaa chumba cha chini. Nyumba za mnada huwekewa siku ya kutazamwa, nenda na tochi. Zile za Own It Now, mauzo yao mengine, unanunua bila kuingia ndani. Kama tayari una nyumba na kiwanja cha jirani ni kitupu, omba hicho kwanza: ni dola 100, na hakina paa la kuvuja.

Ukishinda, hati utakayopewa inakuachia tu haki aliyokuwa nayo muuzaji, bila dhamana. Lipia uchunguzi wa umiliki na uulize bima ya umiliki mapema, kabla hujaweka hata msumari.

Sasa penye maumivu. Ukishasaini, una miezi sita ya kuifanya nyumba ikalike (tisa kwenye mitaa ya kihistoria), na unatuma ushahidi wa maendeleo njiani. Usipotimiza, wanaweza kuichukua tena na jasho lako ndani. Fundi wangu nilitafutiwa na rafiki wa rafiki. Alichukua nusu ya pesa, akavunja jiko na bafu kwa mbwembwe, ndipo ikajulikana leseni yake ilishakwisha muda. Bila leseni hapati kibali cha ujenzi, bila kibali mkaguzi wa majengo haji, na bila mkaguzi huna cha kuwaonyesha wenye mnada zaidi ya picha za vumbi. Kumpigia, mteja hapatikani. Miezi sita nayo haikusimama kumsubiri.

Kwa hiyo: jina la fundi likaguliwe kwenye tovuti ya leseni ya jimbo kabla hamjanywa chai ya kwanza. Muulize kibali kitatoka kwa jina la nani. Akikwambia "kachukue wewe mwenye nyumba, ni rahisi", ujue sababu. Mwenye nyumba anaruhusiwa kujichukulia kibali kwa nyumba atakayoishi, lakini hapo kazi na lawama zote ni zako. Mlipe kwa hatua, kila hatua baada ya mkaguzi kusaini. Na muandikiane mkataba, hata kama ni mtu wa kwenu. Hasa kama ni mtu wa kwenu.

Katikati ya vumbi hilo usisahau fomu L-4260 ya kutangaza kwamba nyumba imebadili mmiliki. Una siku 45 tangu uhamisho, baada ya hapo faini ni dola 5 kila siku hadi 200. Kisha fomu 2368 ya makazi makuu, yaani kutangaza kwamba hapo ndipo unapoishi, inayokuondolea sehemu ya kodi ya shule. Uwe umehamia na kuiwasilisha kufikia tarehe 1 Juni kwa bili ya kiangazi. Ukichelewa, unangoja ya 1 Novemba, ambayo itakusaidia bili ya majira ya baridi tu.