Kuchagua flashi ndogo ya kutembea nayo kila siku, isiyokufa mapema

Flashi yangu ya kwanza haikufa kwa uzee, ilikufa kwa goti. Nimekaa na laptopu mapajani, flashi ndefu ya plastiki imetokeza pembeni kama mkia, nikainuka kidogo kuvuta waya wa chaja, goti likaipiga kwa chini ikapinda. Mwanzoni nikaona taa yake ndogo bado inawaka nikasema afadhali, ila kila nikiichomeka inasoma sekunde tatu inakata, inasoma tena inakata tena. Nikalifungua lile gamba kwa kisu, kumbe mdomo wa chuma umeng'oka kwenye bodi, zile lehemu nne ndogo za nyuma mbili zimeachia kabisa. Chipu yenyewe iliyobeba mafaili yangu ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Yaani kila kitu kipo humo ndani ila mlango umevunjika.

Tangu hapo nikitaka flashi swali la kwanza sio ina GB ngapi. Naangalia itatokeza kiasi gani nikiichomeka, na ule mdomo umeshikiliwa na nini.

Wengi wanaogopa kwamba flashi itachakaa kwa kuandikwa na kufutwa. Ni kweli ina kikomo, chipu nyingi za sa hivi kila kijisehemu kinavumilia kuandikwa na kufutwa mara mia kadhaa mpaka elfu na ushee, lakini hebu piga hesabu, nani anajaza flashi nzima na kuifuta kila siku? Mtu wa kawaida anatupia mafaili mawili matatu, anaenda kuprinti, basi. Flashi ya mfukoni inakufa kwa kupindishwa, kuloweshwa, kukanyagwa, au ilikuwa feki toka siku ya kwanza. Sasa tuanze na hilo gamba.

Kuna namna mbili za kuunda flashi. Ya zamani ina bodi ndogo ya kijani, chipu ya kuhifadhia imelehemiwa juu yake, kontrola (chipu inayoongoza kazi na kuongea na kompyuta) pembeni, na mdomo wa chuma umelehemiwa mbele, halafu vyote vinafunikwa na plastiki ya vipande viwili vilivyobanwa tu. Hiyo ukiipinda mzigo wote unaenda kwenye lehemu. Namna ya pili wanaiita COB, hapo chipu, kontrola na kila kitu vimefinyangwa ndani ya kipande kimoja chembamba kigumu cheusi, kinafanana na memori kadi, na vile vibati vya dhahabu vya kugusana na kompyuta viko juu ya kipande hichohicho. Hamna mdomo wa kung'oka hapo. Kuitambua chungulia mdomoni: ukiona kisanduku kamili cha chuma na ulimi wa plastiki nyeupe au wa bluu ndani yake, mara nyingi ni ya namna ya kwanza, ukiona kibamba cheusi kimelala juu ya bati na upande mmoja uko wazi, hiyo ni COB.

Maji nayo hayapati pa kupenya kwenye COB. Yangu moja imeshapita kwenye mashine ya kufulia ndani ya suruali, maji ya moto, sabuni, kukamuliwa, kila kitu, nikaiacha ikauke siku mbili bila kuichomeka (hapo ndo watu wanakosea, wanakimbilia kuijaribu ingali na unyevu) na ikasoma kama kawaida. Ubaya wake nao niuseme, ikifa kweli kutoa data ni kazi ngumu, maana hamna chipu ya kung'oa na kusomea pembeni, fundi inabidi akwangue ile ngozi nyeusi na kutafuta vituo vya waya vidogo kuliko punje ya mtama. Wanaoweza kazi hiyo ni wachache na wanajua wako wachache.

Gamba la nje chukua la chuma, na liwe kipande kimoja. Vifuniko sivitaki kabisa, kile cha kuchomoa kinapotea ndani ya wiki mbili, kile cha kuzunguka kinalegea mpaka kinacheza kama mlango uliokatika bawaba na hakizuii hata vumbi la mfukoni, na zile za kusukuma kwa kidole gumba ndo mbaya zaidi, kale kajino ka plastiki kakilika basi kila ukiichomeka mdomo unarudi ndani unabaki unasukumana nayo. Isiyo na kifuniko itaingia pamba za mfukoni, sawa, unazitoa kwa kijiti cha meno cha mbao zinaisha.

Halafu tobo la kutundikia. Liwe limetobolewa kwenye chuma chenyewe, sio kitanzi chembamba cha plastiki kilichobandikwa nyuma, hicho kinakatika kimyakimya na unagundua siku unayoihitaji. Mfano wa umbo ninalolisema ni Samsung BAR Plus au Kingston DataTraveler SE9, zote za chuma, urefu kama sentimita 4, tobo liko kwenye mwili. Ila SE9 ziko za vizazi tofauti, zile za mwanzo ni USB 2.0, yaani ya polepole, soma paketi vizuri usije ukachukua ya zamani kwa kuona umbo tu. Na ukiitundika kwenye funguo basi uitoe kwenye funguo kabla ya kuichomeka, lile fungu la funguo likining'inia chini ni goti lingine hilo.

Sasa utaniuliza, mbona nisichukue zile ndogo kabisa za sentimita mbili tatu hivi, kama SanDisk Ultra Fit au Samsung FIT Plus, ambazo zikiingia inabaki kama ncha ya kidole tu nje? Hizo ni nzuri kwa kukaa, sio kwa kutembea. Unaichomeka kwenye redio ya gari au nyuma ya TV unaisahau, hata ikipigwa na goti haina pa kushikia. Kwa kubebwa zinasumbua, kuchomoa unatumia kucha, na ikidondoka sakafuni uvungu wa kabati unaimeza. Na zinapata moto, umbo dogo halina pa kumwagia joto, ukiandika mafaili makubwa mfululizo inachemka kisha inajipunguza spidi yenyewe ili isiungue. Haimaanishi imeharibika, ila ukiwa na haraka itakutoa jasho na wewe.

Upande wa pili wapo wanaotaka ngumu za kupita kiasi, mabomba ya alumini yenye skrubu na mpira kama Corsair Flash Survivor, ambayo inatajwa kuhimili maji mpaka mita 200. Mimi flashi yangu haijawahi kuzama zaidi ya ndoo. Unene wake unaziba tundu la pembeni, kwenye laptopu yenye matundu mawili jirani unabaki na moja.

Spidi ndo eneo ambalo maandishi ya paketi yanakupiga chenga. Ukiona "hadi 300 MB/s" hiyo ni kusoma, yaani kutoa vitu kwenye flashi. Ya kuandika, ambayo ndo inakufanya usimame mlangoni na begi mgongoni ukisubiri, mara nyingi hawaiandiki, au imeandikwa kwa herufi za kusomea darubini. Mfano una video za GB 20, flashi inaandika MB 10 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya nusu saa, ya MB 100 kwa sekunde inamaliza dakika tatu na kidogo. Na hizo mbili paketini zote zinaweza kujiita USB 3. Kwahiyo kabla ya kununua tafuta mtu aliyeipima spidi ya kuandika kwa faili kubwa, sio faili la MB 500, maana nyingi zinaanza kwa kishindo kwa sababu kuna sehemu ndogo ya chipu inayopokea haraka, ikijaa tu spidi inaporomoka mpaka mwendo wa kobe.

Majina ya USB nayo yasikuchanganye, USB 3.0, 3.1 Gen 1 na 3.2 Gen 1 ni kitu kilekile, gigabiti 5 kwa sekunde, wamebadilisha kofia tu. USB 2.0 ni megabiti 480, ambazo kwa MB ni 60 za kwenye karatasi, kiuhalisia unaona 30 na kitu. Ukitumia flashi kwa nyaraka na kuprinti tu 2.0 haitakuua, ila video na picha nyingi chukua 3. Ukiwa na picha elfu ndogondogo zifunge kwanza kwenye faili moja la zip, flashi inachoka na vifaili vingi kuliko faili moja kubwa.

Mdomo je, ule wa kawaida au Type-C? Angalia vifaa vyako. Kama simu na laptopu yako ni mpya pengine unahitaji zenye midomo miwili, kila upande mmoja, ila hapo unarudi kwenye tatizo la vifuniko na vitu vya kusukuma, kwahiyo chagua ile inayozunguka kwenye chuma kizito, ijaribu mkononi, ikicheza iache. Mdomo wa kawaida kiwango chake kimewekwa kuvumilia angalau kuchomekwa na kuchomolewa mara 1,500, Type-C ni mara 10,000. Mpenda kuchomekachomeka mara tatu kwa siku anafikisha hizo 1,500 ndani ya mwaka mmoja na miezi minne hivi. Haifi siku hiyohiyo, ila ndo unaanza kusikia zile za "igeuze kidogo, ishike hapo hapo, usiiguse".

Ukubwa, chukua GB 64 au 128 yaishe. Usishtuke 64 ikionyesha 59 na kitu, kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024, hujaibiwa. Kuibiwa ni hivi: kiflashi kidogo kimeandikwa TB 2, bei ya kutupa. Hapo wamechakachua kontrola idanganye kompyuta kuwa nafasi ipo, ndani kuna labda GB 16. Unakopi, inakubali, majina ya mafaili yanaonekana yote, ukubwa unaonekana, unafurahi. Nafasi ya kweli ikiisha inaandika juu ya vya zamani au inavimwaga tu hewani, na unakuja kugundua siku ya kufungua. Inauma kwa sababu haikukuonya.

Kwahiyo siku ileile ya kwanza, kabla hujaweka hata picha moja, ipime. Kwenye Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3. Zote zinafanya kitu kimoja, zinaijaza flashi mpaka pomoni kisha zinasoma kila kitu upya kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Ya GB 128 inayoandika MB 20 kwa sekunde itachukua karibu saa mbili kujaza tu, iache ifanye usiku ukilala. Asubuhi ukikuta makosa irudishe ulikoinunua siku hiyohiyo na picha ya yale majibu, ndo maana risiti na paketi usivitupe. Faida nyingine ya hilo jaribio, unaiona spidi halisi ya kuandika mwanzo mpaka mwisho.

Ikipita ifomati kwa mpangilio wa mafaili unaoitwa exFAT. Baadhi zinakuja na FAT32, mpangilio wa zamani ambao haupokei faili moja la kufika GB 4, unakuwa na nafasi kibao ila filamu moja inakataa kuingia na unadhani flashi imezingua. Isipokuwa kama ni ya redio ya gari au TV ya zamani, hizo nyingi zinasoma FAT32 tu, basi iache hivyohivyo. Kuchomoa, subiri ile taa ndogo iache kumemeta, na bonyeza Eject hata kama Windows ya siku hizi inavumilia kuchomolewa ghafla. Kama unabeba mikataba au vyeti ifunge kwa nenosiri kwa programu kama BitLocker au VeraCrypt, mtu akiiokota asipate cha kusoma.

Na isiwe ndo mahali pekee pa kitu chochote. Chipu za flashi zinashikilia data kwa chaji ndogo za umeme, ikikaa miaka droani bila kuchomekwa zile chaji zinavuja taratibu, na joto linaharakisha. Picha za harusi weka kwenye diski na pengine popote, flashi ibebe nakala.

Ukishamaliza yote hayo chukua sindano ukwangue namba ya simu kwenye lile gamba la chuma, mistari miwili inatosha. Kalamu usiihangaikie, mfukoni inafutika haraka. Yangu iliachwa kwenye kompyuta ya watu ikarudi siku ya tatu, aliyepiga aliniambia hakuifungua hata, aliona namba akapiga tu, ila ilimbidi aisogeze dirishani kwa sababu saba yangu inafanana na moja.