Kituo kimoja, njia nyingi

Anayesanifu hifadhidata ya mabasi ya mjini asiorodheshe vituo ndani ya jedwali la njia, kwa kuwa kituo kimoja huhudumia njia nyingi: katika mwendokasi wa Dar es Salaam, mabasi ya Kimara–Kivukoni na ya Kimara–Gerezani yote hupita Ubungo na Magomeni. Mbali na jedwali la njia na la vituo, liwepo la tatu lenye utambulisho wa njia, utambulisho wa kituo na namba ya mfuatano, yaani nafasi ya kituo katika njia hiyo. Ufunguo wake mkuu, yaani thamani isiyojirudia inayotambulisha kila mstari wa jedwali, uwe njia pamoja na namba hiyo, si njia pamoja na kituo, maana njia ya mzunguko hurudi kituo ilikoanzia. Safari, yaani basi fulani na saa yake ya kuondoka, ni jedwali jingine. Anayeichanganya na njia ataandika vituo upya kila ratiba inapobadilika.