Suke la Kando ya Kichuguu Si Mbegu Bora ya Mpunga

Kabla ya mundu kuingia shambani, wakulima wengi wa Butaleja, Bugiri na kwingineko mashariki mwa Uganda hupita kwanza wakikata masuke manene ya kuweka mbegu. Sina ugomvi na desturi hiyo. Ugomvi wangu ni mahali yanapokatwa, kwa kuwa karibu yote hutoka kwenye kingo za jaruba, kwenye mdomo wa mfereji wa maji, au kando ya kichuguu. Katika shamba moja nililotembelea, mwenye shamba alikuwa ameyafunga mashina aliyoyateua kwa nyuzi za katani, na nyuzi hizo zilikizunguka kichuguu kama ushanga shingoni. Nilimwuliza kwa nini katikati ya shamba hapakuwa na uzi hata mmoja. Akanijibu kwamba mpunga wa kule ni mdogo.

Ni mdogo kwa sababu umelishwa kidogo. Udongo wa kichuguu una rutuba kuliko wa jirani yake, na shina la ukingoni hupata jua na nafasi ambayo shina la katikati huigombania na wenzake. Rutuba na nafasi hazimo ndani ya punje. Ukiipeleka punje hiyo penye udongo wa kawaida, itazaa mpunga wa kawaida. Mpunga hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa sana, hivyo katika shamba la mbegu safi, yaani ya aina moja isiyochanganyika, iwe ni aina ya WITA 9 au ya NERICA 4, mashina yote yamerithi karibu vitu vilevile, na tofauti unazoziona ni za malezi. Mtaalamu wa Denmark, Wilhelm Johannsen, alilionyesha jambo hili mwaka 1903 kwa maharage: ndani ya ukoo mmoja safi, mbegu nzito na mbegu nyepesi zilizaa watoto wenye wastani uleule wa uzito.

Shamba la mbegu iliyorudiwa miaka mingi ni jambo jingine, maana limechanganyika, na humo mna tofauti za kurithi zinazoweza kuchaguliwa. Hata hivyo, sifa zote hazirithiki kwa kiwango kimoja. Siku za kuchanua, urefu wa mmea na uzito wa punje 1000 kwa kawaida hufuata ukoo kwa karibu, ilhali idadi ya machipukizi na mavuno ya shina moja huyumbishwa sana na mbolea, maji na nafasi. Tuseme shamba lina wastani wa machipukizi 10 kwa shina, nawe umechagua mashina yenye 18, yaani 8 zaidi. Ikiwa asilimia 20 tu ya tofauti zilizomo shambani ndiyo ya kurithi, watoto watapata asilimia 20 ya zile 8, yaani 1.6, na wastani wao utakuwa 11.6, wala si 18. Ikiwa shamba ni la mbegu safi, watabaki na 10 zao.

Lipo pia shina jitu, refu na lenye machipukizi mengi, ambalo wakulima hulipenda mno. Katika shamba lililochanganyika, shina hilo huenda ni chotara lililotokana na chavua ya aina nyingine, na nguvu zake ni za kizazi kimoja. Ukipanda punje zake utapata mashina marefu na mafupi, ya mapema na ya kuchelewa, katika jaruba moja, na siku ya kuvuna mengine yatakuwa yanapukutika huku mengine yangali mabichi. Jitu hilo lipelekwe kinuni, lisipelekwe kitaluni.

Anza kazi mpunga unapochanua, si siku ya mavuno, na ung'oe kila shina linalotangulia au kuchelewa kwa siku 5 au zaidi. Kisha pima, na nasema pima kwa kamba, usikadirie kwa macho: acha mita 2 kila upande wa shamba, na mita 3 kuzunguka kichuguu na mdomo wa maji. Eneo linalobaki ligawe katika miraba ya mita 5 kwa 5, na uchukue masuke 10 katika kila mraba, suke moja kwa shina, ukilinganisha shina na wenzake wa mraba huohuo tu. Mraba ulio dhaifu nao utoe 10 yake. Ukiuruka kwa kuwa mpunga wake ni mdogo, umerudi palepale kwenye kichuguu. Shina liwe na majirani pande zote 4, kwa sababu lililo karibu na pengo limekula chakula cha aliyekufa.

Miraba 20 itakupa masuke 200, na kila suke liwe na bahasha yake. Hapa ndipo wengi huniudhi: huyapukuchua yote katika gunia moja, na kazi ya miezi minne ikaishia hapo. Msimu unaofuata kila suke lipate mstari wake wa mita 4, mche mmoja mmoja kila baada ya sentimita 20, yaani miche 20, na mistari iachane sentimita 30. Mstari ambao miche yake haifanani ung'oe wote, usibakize hata shina lililokuvutia. Mingine ipime mavuno, kwa kuwa wastani wa mashina 20 husema kweli kuliko shina moja, kisha changanya mbegu ya mistari bora inayofanana.

Vuna asilimia 80 hadi 85 ya punje zikiwa zimegeuka rangi, na ukaushe hadi unyevu wa asilimia 12 au 13. Ukifaulu, jaruba litachanua lote ndani ya wiki moja hivi. Turubai la kupuria liwe lako na liwe limekung'utwa. La jirani usiliazime, maana punje zake zimo kwenye mikunjo.