Kabla ya Kununua Brashi ya Nywele ya Bei Kubwa

Brashi ya nywele ya shilingi 120,000 inaweza kuwa rahisi kuliko ya shilingi 5,000, na inaweza pia kuwa hasara tupu. Jibu linategemea sana idadi ya siku ambazo nywele za mnunuzi huwa wazi na kupitiwa na brashi, kwa hiyo hatua ya kwanza ifanyike nyumbani, kabla ya kupanda daladala kwenda Kariakoo au kuingia katika duka lenye kiyoyozi kule Masaki, hapa Dar es Salaam. Chukua kalenda ya mwaka uliopita, uhesabu.

Hesabu yangu ilinifungua macho. Nilisuka mara 7, na kila msuko ulikaa kichwani kwa wastani wa wiki 5, hivyo wiki 35 zilipita bila brashi kuwa na kazi ya maana. Katika wiki 17 zilizobaki nilichana nywele mara 2 kwa wiki, yaani mara 34 kwa mwaka mzima. Brashi ya shilingi 120,000 ikidumu miaka 10 inanigharimu shilingi 12,000 kwa mwaka, ambazo kwangu ni takriban shilingi 350 kila ninapoishika. Mdogo wangu, ambaye nywele zake ni za dawa na huzichana asubuhi na usiku, huishika brashi mara 730 kwa mwaka, na kwake brashi ileile ni shilingi 16 kwa kila mara. Tena yeye humaliza brashi za shilingi 5,000 kwa kasi ya moja kila miezi 4, yaani shilingi 15,000 kwa mwaka, ilhali mimi ya bei hiyo hunikalia miaka 2. Yeye anunue ya ghali. Mimi sina sababu.

Baada ya kuhesabu siku, tazama aina ya nywele, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Brashi nyingi za bei kubwa, zikiwemo za kampuni ya Mason Pearson ya Uingereza, ambayo mwasisi wake alibuni brashi yenye mto wa mpira mwaka 1885, zimetengenezwa kwa nyuzi za nywele za nguruwe, ama tupu ama zikichanganywa na nailoni. Nyuzi hizo huchukua mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa na kuyasambaza kuelekea nchani, na ndiyo maana watu wenye nywele ndefu zilizonyooka huzisifia kwa kuwapa mng'ao. Katika nywele za kipilipili safari hiyo ya mafuta hukwama kwenye mizunguko ya kwanza, na nyuzi zenyewe, kwa ulaini wake, huteleza juu ya nywele bila kufika ndani. Zinafaa kulaza nywele zilizokwisha kubanwa nyuma, na kwa kazi hiyo peke yake sioni haki ya kulipa zaidi ya laki moja.

Katika jiji lenye Waislamu wengi kama letu ni haki mnunuzi aelezwe waziwazi nyuzi hizo zinatoka kwa mnyama gani. Wauzaji wengi husema tu kwamba ni za asili, na lebo hutumia neno la Kiingereza «boar», ambalo mtu anaweza kulipita bila kujua kuwa ni nguruwe. Kwa wengine neno hilo linamaliza mjadala, na wenye shaka wamuulize wanayemwamini katika dini kabla ya kutoa fedha. Zipo brashi nzuri za nailoni tupu zinazofanya kazi hiyo ya kulaza nywele.

Mwenye kipilipili hufumua nywele zikiwa zimelowa na zimepakwa kondishena, akianzia nchani na kurudi polepole kwenye mizizi, na kwa kazi hiyo chanuo la meno mapana lililolainishwa vizuri humtosha kwa miaka. Mwenye nywele zilizonyooka, za kuzaliwa au za dawa, asubiri zikauke kidogo, kwa sababu unywele wa namna hiyo hukatika kwa urahisi zaidi ukiwa mbichi. Kati ya makundi hayo mawili kuna brashi za meno ya nailoni yaliyopangwa kwa safu juu ya mpira, kama zile za kampuni ya Denman ya Ireland ya Kaskazini, na faida yake kubwa ni kwamba mpira huchomolewa, ukasafishwa, na mtumiaji anaweza hata kupunguza safu za meno ili brashi isivute sana. Kitu kinachofunguka na kutengenezeka kina dai halali la kuuzwa ghali kidogo.

Mwenye wigi la nywele za binadamu yuko katika fungu la peke yake. Nywele za wigi hazina ngozi ya kuzipa mafuta wala mizizi ya kuziotesha tena, hivyo kila uzi unaokatwa na brashi mbaya umeondoka moja kwa moja. Aliyenunua wigi kwa mamia ya maelfu ya shilingi asilichane kwa brashi ya kuokoteza.

Ukifika dukani, omba brashi itolewe kwenye mfuko wake wa plastiki. Muuzaji wa Kariakoo atakwambia, «Dada yangu, hii orijino, usiwe na wasiwasi». Mjibu kwa upole, «Sawa kaka, naomba niishike,» na asipokubali, endelea na safari yako. Pitisha meno taratibu upande wa ndani wa mkono, pale ngozi ilipo laini. Yakiacha mistari myeupe au yakikwaruza, ndivyo yatakavyofanya kichwani. Kisha pitisha ukucha ubavuni mwa jino moja kuanzia juu hadi chini: brashi na vitana vya plastiki iliyomiminwa kwenye kalebu, yaani chombo cha kuipa umbo, huwa na mshono mwembamba pale vipande viwili vya kalebu vilipokutana, na mshono huo hukwangua magamba madogo yanayoufunika unywele. Nimekutana na mshono huo kwenye brashi ya shilingi 60,000 na kuukosa kwenye chanuo la shilingi 3,000. Jaribu pia vile vichwa vidogo vya mviringo vilivyo kwenye ncha za meno kwa kuvisukuma kwa kidole gumba, kwa kuwa vikitoka huacha ncha kali. Mwisho bonyeza mto wa mpira. Unapaswa kuzama na kurudi mara moja, na ukingo wake usiachane na mti.

Kuna jaribio moja ambalo haliwezekani dukani, nami nililijua baada ya kuumia. Niliwahi kulipa shilingi 95,000 katika duka moja la hapa jijini kwa brashi niliyohakikishiwa kuwa ni ya nyuzi za mnyama, iliyokuwa zawadi kwa shangazi yangu. Uzi mmoja ulipochomoka nikauwasha kiberiti barazani. Nywele halisi zikiungua hujikunja, hutoa harufu ya nywele iliyoungua na kuacha jivu linalosagika kwa vidole. Huu wa kwangu uliyeyuka na kuganda kama tone gumu jeusi lenye harufu ya plastiki. Nilikuwa nimeuziwa nailoni kwa bei ya kitu kingine, na kwa kuwa sikudai risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kodi, sikuwa na cha kurudi nacho. Ilinikera sana, na inanikera hadi leo, maana shangazi alikuwa ameishukuru zawadi ile kwa moyo wote. Daini risiti, na iandike aina ya bidhaa.

Yapo mambo ambayo hakuna brashi itakayoyatibu kwa bei yoyote. Nywele za pembeni mwa paji la uso zinazopungua mara nyingi zimeng'olewa na misuko iliyokazwa na kubana nyuma kwa nguvu kila siku, na dawa yake ya kwanza ni kulegeza. Kuona nywele 50 hadi 100 zikidondoka kwa siku ni kawaida ya mwili. Na ule ushauri wa zamani wa kuchana mara 100 kila usiku, ambao bado hutumika kuuzia brashi, Chama cha Madaktari wa Ngozi cha Marekani kinausema kuwa ni potofu, kwa sababu kuchana kupita kiasi hukata nywele.

Katika nyumba yenye watoto wa shule ningezitumia fedha hizo kumnunulia kila mmoja chanuo lake la bei nafuu. Mapunye husambaa kwa kuchangia vitana na brashi, na brashi moja nzuri inayopita vichwa vinne ni hatari kuliko machanuo manne ya kawaida.

Ukiamua kununua, miaka 10 niliyoipigia hesabu itapatikana kwa utunzaji tu, kwa sababu joto na unyevu wa Dar es Salaam huozesha gundi na kutia kutu meno ya chuma. Usiiache bafuni. Toa nywele zilizonasa kila wiki, na usiloweke brashi yenye mto kwenye beseni, kwa kuwa maji huingia kupitia tundu dogo la hewa na kubaki ndani. Sugua meno kwa mswaki wa zamani wenye shampuu kidogo, suuza nyuzi bila kuzamisha mpini, kisha ilaze juu ya taulo kivulini, meno yakitazama chini, hadi asubuhi.