Namna ya kuandaa meza ya Eunice Foote kwenye maonyesho ya wanawake wa sayansi ya dunia na tabianchi

Maonyesho mengi ya Februari 11, Siku ya Kimataifa ya Wanawake na Wasichana katika Sayansi, huishia kwenye picha ukutani na majina chini yake. Watu hupita tu. Afadhali uwe na meza moja ambapo kazi ya mwanamke mmoja inafanyika watu wakiona. Inayofaa ni ya Eunice Foote, Mmarekani aliyeanika gesi mbalimbali juani ndani ya mitungi ya kioo. Katika makala yake ya mwaka 1856, hewa ya kawaida ilifika 106°F (41°C) na hewa ukaa (kaboni dayoksaidi) 125°F (52°C).

Tafuta chupa 2 angavu za lita 2 zinazofanana, ya 3 ya kutengenezea gesi, vipimajoto 2 vya dijitali vyenye waya, mpira mwembamba wa kupitishia gesi, gramu 15 za bikaboneti ya soda, mililita 200 za siki, karatasi nyeusi na foili.

Anza na vipimajoto: viweke pamoja kivulini dakika 10. Vikipishana, andika tofauti hiyo na uirekebishe katika kila kipimo, kwa sababu tofauti unayoitafuta yenyewe inaweza kuwa ndogo.

Chupa moja ya jaribio itajazwa hewa ukaa, nyingine ibaki na hewa ya kawaida. Hewa ukaa itengenezwe kwenye chupa ya 3, kwa bikaboneti na siki. Ukivichanganya ndani ya chupa ya jaribio, mmenyuko hunyonya joto, chupa inaanza ikiwa ya baridi na yenye unyevu, na kipimo kinaharibika. Kwa hesabu, gramu 7 za bikaboneti zinatosha kujaza lita 2, ila gesi nyingi hupotea ikichanganyika na hewa. Ndiyo maana tunaongeza maradufu. Mimina siki kidogo kidogo, la sivyo povu litapanda mpirani. Usiizibe chupa hii bila njia ya gesi kutoka, itapasuka. Ncha ya mpira ifike chini kabisa ya chupa ya jaribio, kwani hewa ukaa ni nzito mara 1.5 kuliko hewa na hujaa kuanzia chini. Shika njiti ya kiberiti inayowaka mdomoni mwa chupa: ikizimika, imejaa. Toa mpira taratibu.

Ning'iniza kila kihisio (ncha ya waya wa kipimajoto) katikati ya chupa kikiwa na kikinga cha foili, kisiguse plastiki. Ziba midomo, weka karatasi nyeusi nyuma ya chupa zote mbili, kisha juani. Soma kila dakika 2 kwa dakika 20, halafu zihamishie kivulini uendelee kusoma. Foote aliona pia kwamba mtungi wa hewa ukaa ulichelewa sana kupoa. Rudia ukibadilishana nafasi za chupa, maana upepo wa upande mmoja unatosha kuleta jibu la uongo.

Kadi ya mezani iseme kweli: jaribio hili si mfano mdogo wa jinsi hewa ukaa inavyonasa joto angani. Kioo na plastiki nyingi huzuia infraredi ya mawimbi marefu, yaani mionzi ya joto isiyoonekana, na gesi nzito huzunguka tofauti na hewa. Foote alionyesha kwamba hewa ukaa hupata joto zaidi juani. Jinsi gesi zinavyonyonya mionzi ya joto ilipimwa moja kwa moja na mwanafizikia John Tyndall kuanzia 1859. Usiandike kuwa Foote alikatazwa kusoma makala yake mbele ya mkutano wa wanasayansi. Kinachojulikana ni kwamba ilisomwa na mwanafizikia Joseph Henry.

Kadi za wanasayansi wengine wa maonyesho zisizidi maneno 60, herufi za pointi 24, zikianza na kitendo. "Alichora sakafu ya Atlantiki na kuona bonde la ufa katikati yake" yatosha kwa Marie Tharp. Mambo ya ndoa na sura yaache. Kwa Inge Lehmann andika kwamba mwaka 1936 alitambua kiini cha ndani cha dunia kwa mawimbi ya tetemeko. Usiongeze kwamba kiini hicho ni "kigumu", hilo lilikuja baadaye. Walio kazini, kama Celeste Saulo aliyeanza kuongoza Shirika la Hali ya Hewa Duniani mwaka 2024, hakiki vyeo vyao siku ile ile ya kuchapa.